Pikapu inanuka petroli, chini hakuna hata tone!

Mpenzi msomaji, zipo harufu za kuvumilia katika jiji hili la Dar es Salaam. Ndoo ya dagaa kwenye daladala la saa kumi na mbili jioni utaivumilia kwa kuwa unashuka kituo cha mbele. Mtaro wa jirani utauvumilia kwa kuwa umeshauzoea na jirani mwenyewe ni mkali. Lakini harufu ya petroli ndani ya gari, bwana wee, hiyo usiizoee hata siku moja. Hiyo ni sawa na nyoka aliyelala uvunguni. Jana hakukuuma, leo hajakuuma, sasa hiyo ndiyo sababu ya kuendelea kulala naye?

Mwaka huu nimeuona mkasa wa aina hiyo kwa macho yangu, na kwa pua yangu pia, kwenye pikapu ya anko wangu. Ni Toyota Hilux ya mwaka 1999, ya petroli, injini ya cc 2,693, kabini moja, rangi yake zamani ilikuwa nyeupe. Wenye ndimi chafu kijiweni wanaiita mkweche. Waache waseme, lakini huo mkweche ndio unaolipa kodi ya nyumba, ada za watoto watatu na dawa za bibi yetu. Kila alfajiri anko anabeba mikate na maandazi ya mama mmoja wa Tabata, anasambaza madukani mpaka saa mbili asubuhi. Mchana anabeba chochote atakachopewa: vitanda, mabati, mbuzi, bendi ya harusi na mapipa yao ya muziki.

Basi harufu ilianza taratibu. Mara ya kwanza ilikuwa kila Jumapili, siku ambayo anko hujaza tangi. Baadaye ikawa kila mchana gari likikaa juani. Mwisho ikawa ya saa zote. Ukiinama chini ya gari hukuti hata tone moja la mafuta. Sakafu kavu, tangi kavu, mabomba makavu. Mziwanda wake, ambaye hupewa lifti ya shule, akatapika njiani siku mbili mfululizo. Halafu likaja lile lililomnyima anko usingizi hasa. Mama wa mikate alimwita pembeni, akamwambia kwa upole kabisa, "Kaka yangu, wateja wanasema mikate yangu inanuka sheli. Mimi nakupenda, lakini nakupa wiki mbili. Isipokwisha, namchukua yule kijana mwenye Kirikuu."

Wiki mbili! Kwa mtu ambaye tangu 2011 hajawahi kukosa tenda hiyo hata siku ya mvua za masika.

NDUMILA KUWILI WA GEREJI

Hapa ndipo mafundi wetu walipoanza kumtembeza. Wa kwanza alibadilisha chujio la mafuta, akapiga honi mbili, akasema "tayari". Harufu palepale. Wa pili akabadilisha vimpira vya nozeli. Harufu palepale, na pesa imekwenda. Anko mwenyewe akashauriwa kijiweni anunue mfuniko mwingine wa tangi, akaenda Gerezani akapata mmoja mzuri tu. Wapi! Wa tatu alikuja na akili ya ajabu. Aliona mipira myembamba inayotoka kwenye tangi, akasema hiyo ndiyo inayotoa harufu, dawa yake ni kuichomeka msumari na kuifunga waya. Eti "mafuta yabaki kwao".

Wa nne ndiye aliyenitoa jasho. Alitangaza kuwa tangi limetoboka juu, akataka sh. 450,000/= kwa tangi jingine, au kama anko hana, basi alishushe alichomee kwa welding jioni ileile. Tangi la petroli! Msomaji, tangi lililomwagwa mafuta ni hatari kuliko lililojaa, maana ndani limebaki mvuke mtupu, na kinacholipuka ni mvuke. Petroli ya majimaji haiwaki mpaka igeuke mvuke, na inageuka mvuke hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze Dar ya mwezi wa Februari. Mvuke huo ukichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6, cheche moja inatosha. Na ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupai juu ukapotea, bali unatambaa chini kama maji, unatafuta mashimo na majiko. Wengi bado tunaikumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na watu wakakimbilia kuchota. Walikufa zaidi ya 100.

Kwa hiyo nilimwambia anko, hilo tangi halichomewi na mtu. Tukaenda Temeke, kwa mzee mmoja ambaye gereji yake ni mwembe mmoja na kontena moja. Nilipewa sifa zake na dereva wa teksi. Hana bango, hana ovaroli mpya, wala simu yake haina picha. Alitupokea kwa maswali kama daktari wa watoto.

"Inanuka lini zaidi?"

"Nikishajaza, mzee. Na mchana."

"Mbele au nyuma?"

Anko akakuna kichwa. Hajui. Ndani ni ndani tu.

"Unajaza mpaka wapi?"

"Mpaka inachungulia," anko akajibu kwa fahari. Mzee akaguna, akaandika kitu kwenye boksi la biskuti.

TANGI NALO LINAPUMUA

Kabla sijakusimulia alivyomnasa mwizi, nikupitishe kidogo kwenye elimu niliyoipata pale juu ya tairi bovu, maana bila hiyo hutaelewa.

Tangi la gari halikufungwa kama chupa ya soda. Linapumua. Jua likipanda, petroli inatoa mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea. Usiku ukiingia, tangi linapoa na kuvuta hewa ndani. Ukiliziba kabisa, kama alivyotaka yule bwana wa misumari, mchana litavimba, na gari likitembea pampu inavuta mafuta huku hewa haiingii, tangi linaweza kubonyea kama kopo la juisi. Magari ya zamani sana yalikuwa na tundu tu, mvuke unakwenda zake mitaani. Wamarekani ndio waliochoka kwanza. Jiji la Los Angeles lilikuwa likifunikwa na ukungu mchafu unaochoma macho, na katika miaka ya 1950 mwanasayansi mmoja wa huko California, Arie Haagen-Smit, akaonyesha kwamba mvuke wa petroli na moshi wa magari vikipigwa na jua ndivyo vinavyoutengeneza. Hivyo kuanzia magari ya mwaka 1970 kule California, na 1971 nchi nzima, ikawa lazima mvuke wa tangi ukamatwe.

Unakamatwa na nini? Na mkaa! Mkaa wenyewe si huu wa gunia la Kisarawe. Ni punje za mkaa uliotengenezwa kwa namna ya kuwa na vishimo vidogo mno visivyohesabika, na mvuke unanasa humo. Punje hizo zimejazwa kwenye kopo la plastiki au la bati, kubwa kama kopo la maziwa ya unga la familia. Kwenye Hilux ya anko liko mbele, chini ya boneti. Mpira mmoja unatoka kwenye tangi kuleta mvuke. Tundu la pili linapumua hewa ya nje. Mpira wa tatu unakwenda kwenye injini, na hapo kati kuna valvu. Injini ikishapata moto na gari likitembea, valvu inafunguka, injini inavuta hewa safi kupitia kwenye mkaa, inachukua ule mvuke na kuuchoma. Hakuna kinachopotea. Mkaa umesafishwa, unangoja zamu nyingine.

Mimi nilibaki mdomo wazi. Miaka yote naliona lile kopo nikidhani ni la maji ya vioo.

Sasa Wamarekani, kwa ukorofi wao, hawakuishia hapo. Kuanzia magari ya mwaka 1996 waliweka mtindo wa kompyuta unaoitwa OBD-II, na katika miaka iliyofuata kompyuta hiyo ikafundishwa kulifunga tangi, kulivuta au kulisukuma kidogo, kisha kungoja kuona kama linashika. Tundu la milimita moja tu, taa ya injini inawaka. Baadaye, kuanzia magari ya mwaka 2000, wakateremka hadi nusu milimita, yaani tundu la kijisindano! Ukiwa na pikapu ya Kimarekani, Ford au Chevrolet, ukachomeka kile kidude cha kusomea, kitakuambia P0442 kwa uvujaji mdogo, P0455 kwa uvujaji mkubwa, P0456 kwa ule wa nusu milimita. Kuna hadi P0457, ambayo inaanza kwa kumshuku mwenye gari kwamba hakukaza mfuniko. Mtihani huo haufanyiki ovyo, unangoja injini iwe imelala ikapoa na tangi lisiwe tupu wala limejaa sana. Wenye magari hayo hubadilisha mfuniko leo, taa ikazimika, wakashangilia, ikawaka tena wiki ijayo.

Lakini hata hiyo namba haikuonyeshi tundu liko wapi. Inakuambia tu nyumba ina mwizi, chumba utafute mwenyewe. Na Hilux ya anko, kama magari mengi ya umri wake ambayo hayakutengenezwa kwa soko la Marekani, haina mtihani huo kabisa. Ina kopo la mkaa, lakini haina wa kulisemea. Msemaji wake ni pua.

PUA YA MWANDISHI YAPATA KAZI

Mzee alitutaka tuliache gari usiku mzima. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, aliniita mimi. Si anko wala kijana wake. Mimi.

"Hawa wamekaa na petroli, pua zao zimelala. Wewe ndiyo kwanza umeshuka daladala. Nusa."

Ni kweli, ukikaa na harufu dakika chache pua inaacha kukupigia kelele, unadhani imekwisha. Nikanusa nyuma, kwenye tairi la upande wa mfuniko: ipo. Nikanusa katikati, chini ya mlango: kidogo. Boneti ikafunguliwa: ipo tena, na kali! Mzee akacheka. "Umeona? Wezi ni wawili, na hao wote mafundi wenu walikuwa wanatafuta mmoja."

Harufu ya mbele, alieleza, inaingia kwenye kabini kupitia matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo. Ile ya nyuma inawapata mikate.

Hakugusa spana hata moja kabla ya kufanya mambo mawili. Alichomoa waya wa betri. Kisha akaenda kwa mama ntilie ambaye jiko lake lilikuwa hatua kama kumi hivi, upande ambao ardhi inateremkia, akamwomba ahamie upande wa pili wa barabara. Weee! Mama yule alikuwa na sufuria mbili za supu motoni. Alitusema sote, mpaka na wazazi wetu waliotuzaa. Mzee hakujibu neno. Alibeba sufuria moja, kijana wake akabeba ya pili, jiko likafuata. Ndipo kazi ikaanza. Nimeona magereji mengi mjini humu ambako fundi anaangalia tangi huku sigara inaning'inia mdomoni, na wa pembeni anachomea geti. Huyu mzee alinipa adabu.

Kipimo chake kilikuwa rahisi mpaka nikaona aibu ya kushangaa. Alichukua mpira wa plastiki unaoonyesha, ule wanaopimia usawa mafundi wa nyumba, akaukunja kama herufi U kwenye kipande cha ubao chenye rula, akatia maji nusu. Mdomo mmoja wazi, mwingine umeunganishwa na mpira unaokwenda kwenye tangi, ule alioung'oa kwenye kopo la mkaa. Ukilisukuma tangi kidogo, maji yanapanda upande mmoja. Alitaka tofauti ya sentimita 30 tu.

"Mbona ndogo?" nikauliza.

"Hiyo ndiyo kiasi. Hata nusu ya pauni ya upepo haifiki. Ukileta kompresa ya kujazia tairi hapa, utapasua tangi au utalitoboa pale ambapo halikutoboka, halafu useme ugonjwa umeuona."

Na hakutumia hewa ya kawaida. Kijana wake alikuwa ametumwa kwenye duka la matairi wanakojaza naitrojeni, akarudi na tyubu kuukuu ya gari imejazwa kidogo, inalegea kama mto wa kulalia. Naitrojeni haisaidii moto kuwaka, ndiyo maana. Kwenye magereji makubwa wana mashine ya moshi, unapuliza moshi mweupe mle ndani kwa mgandamizo huohuo mdogo na kuangalia unatokea wapi. Mzee hana mashine. Ana tyubu na kabomba kenye koki. Aliikalia tyubu kidogo, maji yakapanda hadi 30, akafunga koki, akatazama saa.

Maji yalishuka kama yanaitwa! Dakika moja haikuisha, yamefika 10.

"Haya, lete povu."

Sabuni ya unga, maji na brashi ya rangi. Alianza na mfuniko ambao anko aliununua Gerezani: hakuna pofu hata moja, kwa hiyo pesa ile haikupotea bure kabisa. Akaja kwenye shingo ya tangi, lile bomba ambalo mpiga pampu anachomekea. Kwa nje juu linang'aa. Akafungua tairi la nyuma, akakwangua udongo uliogandamana tangu enzi na enzi, akapaka povu. Tyubu ikakaliwa tena. Pale ambapo kibomba chembamba cha kupumulia kimeungwa kwenye shingo, mapovu yakaanza kuota, pu, pu, pu, kama ubwabwa unaotokota. Kutu ilikuwa imekula kwa nyuma, mahali ambapo huwezi kuona hata uinamishe kichwa vipi. Mafuta ya majimaji hayafiki pale ila wakati wa kujaza, ndiyo maana chini hakukuwa na tone.

Anko akaruka kwa furaha. Mzee akamtuliza. Shingo nyingine ikaletwa kutoka Gerezani, iliyotumika lakini nzima, sh. 40,000/=, ikafungwa na klipu mpya. Kipimo kikarudiwa.

Maji yakashuka tena! Polepole safari hii, kutoka 30 hadi 24 kwa dakika tano. Hapo ndipo nilipomwelewa yule mzee. Fundi mwingine angeshapiga honi mbili na kusema tayari, maana tundu si limeonekana? Yeye alikuwa ameshavua shati.

Walinyonya mafuta kwa pampu ya mkono, si kwa mdomo (mzee ana rafiki aliyenyonya kwa mdomo yakaingia mapafuni, alilazwa wiki tatu), yakawekwa kwenye madumu yenye vifuniko na kupelekwa mbali. Tangi likateremshwa. Juu yake, ambako hakuna jicho linalofika gari likiwa zima, mpira mmoja wa mvuke ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha mtu wa kiangazi. Na tangi lenyewe? Zima kabisa. Halikuwa na tundu wala kutu ya maana. Nilimtazama anko, anko akanitazama, hatukumtaja yule bwana wa 450,000/= kwa jina.

Mpira mpya ni sh. 12,000/=, na hapa mzee alikuwa mkali. Lazima uwe mpira wa mafuta. Ule wa maji, au wa kunyunyizia bustani, petroli inaulainisha na kuuvimbisha, miezi michache umerudi kulekule. Duka la kwanza walitaka kutupa wa maji kwa bei ya mafuta. Ndiyo Dar hiyo.

KOPO LA MKAA LATAPIKA

Alibaki mwizi wa mbele. Mzee alilifungua lile kopo, akanipa nilishike. Zito! Akaliinamisha juu ya beseni, na petroli ikamwagika kama chai kwenye birika. Kopo la kunasa mvuke limejaa mafuta!

Sababu ilikuwa ileile aliyoiandika kwenye boksi la biskuti. Ukijaza mpaka inachungulia, hakuna nafasi iliyobaki juu kwa ajili ya mvuke. Petroli yenyewe inasukumwa kwenye mpira wa mvuke hadi mbele. Mkaa ukilowa mafuta mara kwa mara, punje zinasagika. Alipung'oa mpira wa kwenda kwenye injini, ndani kulikuwa na unga mweusi umeziba kabisa. Kwa hiyo injini ilikuwa haivuti tena, mkaa haukuwa unasafishwa, na kila mvuke uliokuja kutoka kwenye tangi ulipita moja kwa moja na kutokea kwenye tundu la chini, kisha kwenye kioo, kisha kwa mziwanda wa anko.

Valvu aliijaribu palepale. Zipo za umeme, ambazo bila umeme zinatakiwa kuziba, ukizipa volti 12 zinalia "tiki" na kupitisha. Zipo zinazofunguka kwa joto la maji ya injini. Ya kwetu ilikuwa nzima, tatizo ni ule unga. Ikasafishwa, mpira ukasafishwa. Kopo jingine lililotumika lilipatikana kwa sh. 35,000/=, na nikaonyeshwa namna ya kulichagua: lisiwe zito, ukilitikisa lisikohoe unga, na ukipuliza kwa pampu ya baiskeli kwenye tundu la tangi upepo utokee kwenye tundu la hewa bila kushindana. Usipulize kwa mdomo. Ndani ya mvuke wa petroli kuna benzini, na benzini inajulikana kuwa inasababisha saratani ya damu. Nilipolisikia hilo nilikumbuka yule mtoto anayetapika kila asubuhi, nikanyamaza.

Tangi likapandishwa, kila kitu kikafungwa, gari likaachwa kivulini. Kivulini kwa makusudi, maana jua likilipiga tangi wakati wa kupima, mvuke unaongezeka na kuyapandisha maji wenyewe, unadhani umepona kumbe unadanganywa na hali ya hewa. Tyubu ikakaliwa kwa mara ya mwisho. Thelathini. Dakika moja. Mbili. Tano. Maji yakasimama 29.

Jumla ya gharama, pamoja na klipu za 4,000/= na ufundi wa sh. 60,000/=, ilikuwa 151,000/=. Siku mbili za kazi. Si kidogo kwa mtu wa kubeba mikate, lakini siku ya tatu alfajiri mama wa Tabata aliingiza kichwa chake chote kwenye boksi la gari, akavuta pumzi, akatoka, akasema, "Pakia." Kijana wa Kirikuu bado anangoja kupigiwa simu.

Kilichobaki sasa ni ugomvi wa kila Jumapili kwenye sheli. Pampu inakata yenyewe kwenye sh. 47,600/=, anko anasema basi, mpiga pampu anasema "mzee, tuifikishe hamsini itimie", na mkono uko tayari kwenye bunduki. Jumapili iliyopita ilibidi anko ashuke na kuushika ule mkono. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, mmoja akauliza kama mzee ana ugomvi na petroli.

Mzee wa Temeke alituagiza turudi baada ya mwezi mmoja apime tena, bure. Tulikwenda Jumamosi. Maji yalisimama 29 na nusu. Mama ntilie alipotuona tu tunakata kona, kabla hata hatujaegesha, alianza kubeba sufuria zake mwenyewe kuvuka barabara, akapaza sauti kwamba safari hii kila aliyekuja na gari hilo atakunywa supu, na atalipa.